Miche ya Mtu Asiyetafuna Kahawa Yangu

Hebu niambie wewe uliyekaa hapo: mtu akikwambia anakuita nchi ya mbali, ndege analipa yeye, nyumba anakupa yeye, na kazi yenyewe utakayofanya huko ni kuangalia majani ya mgomba, wewe utafunga mizigo au utafunga mlango?

Mimi nilifunga mlango. Tena na komeo nikatia. Leo nacheka, unaniona navyocheka, lakini siku ile sikucheka hata kidogo.

Anayeitwa alikuwa mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu mkubwa. Nimemlea mimi, hapahapa Kimwani, tangu alipoachishwa ziwa. Sasa huyu mtoto kasoma mpaka shule zimemwishia. Kaanza hapa chini kwenye shule ya vumbi, kaenda Bukoba, kaenda Morogoro, kaenda tena huko sijui wapi, karudi wanamwita daktari. Mimi nilisoma darasa la pili nikatolewa kulea wadogo zangu, kwa hiyo uniwazie nilivyofurahi. Siku aliyokuja na huo udaktari wake nikamkalisha, nikapandisha gauni, nikamwonyesha goti.

"Nitazame hapa, mwanangu. Linalia kila nikiinama."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Bibi, mimi si daktari wa magoti. Mimi ni daktari wa seli."

"Seli ni ugonjwa wa wapi huo?"

"Si ugonjwa. Unaona nyumba ilivyojengwa kwa tofali? Basi mgomba umejengwa kwa seli. Wewe mwenyewe umejengwa kwa seli. Ni ndogo, huzioni kwa macho, mpaka kwa darubini. Mimi naangalia zinavyofanya kazi ndani, na zinavyopigana na ugonjwa."

Nikasema haya, basi huyu ni fundi ujenzi. Goti nikalipaka mafuta mwenyewe.

Nikadhani yamekwisha. Atapata kazi, ataolewa, mimi nitakula matoke kwa amani. Kumbe hapana! Akaanza habari ya kutafuta kitu kinaitwa postidoki. Alikuwa akija Jumamosi kutoka Bukoba, hakai ndani na watu. Anakwenda kukaa juu ya lile jiwe nyuma ya nyumba, maana ndipo mtandao unaposhika, anaandika, anaandika. Nikamfuata.

"Hiyo postidoki ni mwanaume?"

"Bibi! Ni kazi ya utafiti. Mtu akishamaliza udaktari, anakwenda kwenye maabara ya profesa fulani, miaka miwili hivi, anafanya kazi chini yake. Anajifunza, anapata jina. Ndipo baadaye anapewa maabara yake."

"Kwa hiyo hujamaliza kusoma."

"Nimemaliza."

"Umemaliza, halafu unakwenda kukaa chini ya mtu."

"Ndiyo."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Hii naijua. Ni kama bibi harusi. Umeshafundwa, umeshaolewa, lakini jiko la kwako hupewi. Kwanza unakaa kwenye jiko la mama mkwe, unapika yeye akiangalia, mpaka siku atakayoridhika."

Akapiga makofi. "Ndivyo hasa, bibi! Hakuna aliyewahi kunieleza vizuri hivyo."

Yeye alifurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu mama wakwe nawajua. Wangu alinikalisha kwenye jiko lake misimu mitatu na chumvi alikuwa anatia yeye.

Basi, barua zikawa zinakuja kwenye simu. Hii inasema tunasikitika. Nyingine inasema nafasi imejaa. Nyingine haisemi kitu kabisa, kimya, kama mtu uliyemsalimia njiani akapita. Kila akiikosa moja mtoto anakonda. Nikaanza kuzichukia hizo postidoki, na nikaanza kuziombea zije, vyote kwa pamoja.

Halafu mmoja akajibu. Profesa, mama wa Kizungu, ana maabara kubwa ya mimea huko kwao. Wakaongea kwenye simu mara ya kwanza, akampenda. Akamwambia: umebaki wewe na wengine wachache. Nitaongea nawe tena, lakini safari hiyo uje na kitu ulichokianza kwa mkono wako, nione unavyofikiri.

Sasa hapo ndipo kibanja changu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilipoingia kwenye habari.

Sijui kama kwenu mnyauko ulifika. Kwetu ulifika. Mgomba unauona asubuhi umesimama, majani yanageuka manjano, yanalegea kama nguo iliyolowa, ukikata shina linatoa usaha, ndizi inaiva kabla ya wakati na ndani imeoza. Tuling'oa, tukazika. Kibanja alichoniachia marehemu mume wangu kikabaki wazi, unaona nyumba ya jirani moja kwa moja, aibu. Shina moja tu lilibaki. Lile la nyuma ya jiko, la nshakara, ndizi za kupika, ambalo mama mkwe alilikuta na mimi nikalikuta. Wenzake wote wamekufa, lenyewe limesimama linazaa.

Mjukuu wangu alikuwa analitazama hilo shina tangu anasoma. Ndilo alilomwandikia yule profesa. Swali lake lilikuwa: seli za mgomba huu zina nini wenzake hawana?

Akanipigia simu siku ya Jumatatu. Yeye yuko Maruku, ndiko alikopewa nafasi ya kufanyia vipimo vyake, kwenye banda la nailoni lililofungwa vizuri ugonjwa usitoke.

"Bibi, naomba miche mitano ya ule mgomba wa nyuma ya jiko. Ichimbue, ikwangue, uniwekee kwenye basi."

"Ya nini?"

"Nitaitia ugonjwa nione kama itasimama. Halafu nitaangalia seli zake."

"Utaangalia wewe au yule mama?"

"Mimi. Lakini yeye anangoja majibu."

Ahaa! Nikasema ndani ya moyo, haya, mguu umeonekana. Kwa hiyo anayetaka si mtoto. Anayetaka ni yule mama, na anachokitaka ni mgomba wetu. Mtoto ni mfuko wa kubebea.

Nikamwita jirani yangu, tunasali jumuiya moja, mwanamke ambaye ukimpa habari ndogo anakurudishia kubwa. Nikamweleza. Akaweka kikapu chini.

"Ndege analipa nani?"

"Wao."

"Nyumba?"

"Wao."

"Waitu! Umesahau binti wa kule bondeni? Naye ndege walilipa wao. Alikwenda kufanya kazi za ndani, pasi ya kusafiria wakaificha, karudi kama kijiti cha kiberiti."

"Huyu anakwenda maabara."

"Maabara si ni ndani? Au wanafanyia uwanjani?"

Unaona mtu? Usingizi wangu wa wiki nzima ameubeba kwenye kile kikapu akaenda nao.

Sasa nikwambie kitu alichonifundisha mama mkwe. Kwetu mgeni akija, kabla ya maneno, unampa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Tunaichuma, tunaichemsha na majani ya harufu nzuri, tunaikausha na ganda lake, unaifungua kwenye kipande cha jani la mgomba unaweka kiganjani kwa mgeni. Akitafuna nawe, mmekuwa watu. Asiyetafuna, mwangalie mikono. Mama mkwe alikuwa anasema: akija kukuomba mche mtu ambaye hajatafuna kahawa yako, usimnyime, maana kunyima kunaleta maneno. Mpe. Lakini mpe wa pembeni. Mpe mbile, mgomba wa pombe, yeye akapande akidhani ni nshakara, na mgomba wa nyumba ubaki wa nyumba. Mche mdogo ukishaukwangua, nani atajua? Unafanana.

Yule profesa alikuwa ametafuna kahawa yangu? Hakutafuna.

Basi mimi huyo mpaka kwa shemeji yangu mwisho wa njia, ambako mnyauko haukupita, nikamwomba miche mitano ya mbile. Nikaikwangua ikawa myeupe safi, nikaifunga kwenye kiroba, nikaipandisha basi la Bukoba. Nikarudi nyumbani naimba. Nilijiona mjanja sijapata kuona! Nikasema mwache huyo mama akae na darubini yake aangalie pombe.

Zikapita wiki. Mtoto akipiga simu namuuliza, miche inaendeleaje, ananiambia imeota, bibi, imeota vizuri sana. Mimi kimya, nacheka na sufuria.

Halafu siku moja mchana akaja bila kusema. Si Jumamosi. Kashuka kwenye bodaboda, kasalimia, kakaa. Nikampa matoke na maharage. Hakula. Alikuwa anaugeuzageuza mkono wa kijiko tu.

"Imekufa," akasema.

"Nini?"

"Miche. Yote mitano. Nimeitia ugonjwa, imenyauka yote kama mgomba wowote. Hakuna kitu ndani yake, bibi. Nilikuwa najidanganya. Keshokutwa naongea na profesa. Nitamwandikia leo kwamba najitoa, kabla hajaniuliza nikaaibika."

Nikainuka nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Nikarudi. Nikamwambia ale. Hakula. Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yanadondokea kwenye matoke, na mtoto huyu hata alipovunjika mkono hakulia.

Sasa uniambie, ungefanyaje? Kama ningenyamaza, asingekwenda. Nisingekaa nawaza pasi iliyofichwa, na mgomba wangu usingeguswa. Kila kitu nilichokitaka kilikuwa pale mezani, kimepoa. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu.

Nikasema, "Ile miche ilikuwa mbile."

Akaniangalia.

"Ilitoka kwa shemeji yangu. Mgomba wa nyuma ya jiko sijaugusa."

"Bibi."

"Yule mama hajatafuna kahawa yangu! Mimi nitajuaje ni mtu wa namna gani?"

"Bibi! Wiki zote hizo nimeinama kwenye darubini naangalia mbile?"

Akatoka. Nikasikia mlango, nikajua anaondoka. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko, kaweka kiganja kwenye lile shina, paji la uso kaliegemeza pale, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Nikatoka kumfuata, kumbe anacheka. Anacheka na kulia. Akasema, "Na mimi ninayejiita daktari, nimepokea kiroba sikuuliza kimetoka wapi."

"Ungeuliza ningekudanganya," nikamwambia, maana nilishaamua kusema kweli siku hiyo.

Tukachimbua miche mitano, safari hii ya kweli. Nikaweka kisu kwenye moto mpaka kikabadilika rangi, ndipo nikakata.

"Unafanya hivyo kila mara?" akaniuliza.

"Kila mara. Kwenye shina hili tu. Na panga la mtu mwingine halijawahi kuligusa, hata la babu yako. Na ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu nauvunja mimi kwa kijiti chenye panda, mapema, kabla nyuki hawajazoea."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Siwaamini watu na mapanga yao. Wala hao nyuki."

Akatoa daftari akaandika kitu, akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona. "Bibi, ugonjwa huu hubebwa na mapanga na nyuki. Hivyo ndivyo maofisa kilimo wanavyohimiza watu wafanye, na watu hawafanyi. Inawezekana mgomba huu hauna lolote. Inawezekana aliyeuponya ni wewe na kutoamini kwako."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, nikaendelea kukata.

Keshokutwa yake simu ilipigwa, na mtoto akataka niwepo. Akasema, "Mambo haya nikiyaeleza peke yangu hatanisadiki." Tukakaa wawili juu ya lile jiwe, yeye kavaa blauzi nzuri juu na kanga chini. Yule mama akatokea kwenye kioo. Mwenye mvi kama mimi! Nilitegemea mtu mkali, kumbe ni bibi mwenzangu, kashika kikombe kikubwa.

Mjukuu wangu akamweleza yote kwa Kiingereza. Habari ya mbile niliielewa, maana neno hilo Kiingereza hawana. Uso wa yule mama ukabadilika mara tatu. Nikasema basi, nimemuua mtoto.

"Kwenye kikombe kuna nini?" nikauliza.

"Kahawa, bibi. Nyamaza kidogo."

"Anakunywa, hatafuni. Muulize kama anatafuna."

"Bibi, siwezi kumuuliza hivyo."

"Muulize, la sivyo na hii miche mipya narudi nayo shimoni."

Akamuuliza. Nikaona yule mama anainama mbele kusikiliza, anaelezwa, anaelezwa tena. Halafu akainuka akapotea. Nikasema kaenda kuita askari. Akarudi na kopo, akachukua punje moja ya kahawa iliyokaangwa, akainyanyua tuione, akaitupa mdomoni. Kra! Akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa, lakini akatafuna, akameza. Mjukuu wangu kafunika macho kwa aibu.

Mimi niliangalia vizuri. Ile kahawa ilikuwa ya kukaangwa, haikuchemshwa na majani, wala haikutoka kwenye kiganja changu. Kwa hiyo nikahesabu nusu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema majibu ya miche iliyokufa nisiyatupe. Anasema ingebidi nitafute mgomba mwingine wa kulinganishia, na wewe umenipa bila kuombwa. Kanipa miezi mitatu nirudie na hii ya kweli."

Miezi mitatu sikuuliza tena imeotaje, niliogopa. Ilipotiwa ugonjwa, mitatu ikafa. Miwili ikasimama. Mtoto akaangalia seli za iliyokufa na za iliyosimama, akaandika, akapeleka. Siku barua ilipofika alikuwa kwangu, alipiga ukelele kule kwenye jiwe mpaka kuku wakaruka. Wamemchukua! Nilipiga vigelegele, goti hilohilo nikalichezea.

Halafu nikatulia, nikauliza. "Kwa hiyo umegundua ni mgomba au ni kisu changu?"

"Bado, bibi. Hatujui. Ndiyo sababu wamenichukua."

"Wamekuchukua kwa sababu hujui?"

"Ndiyo kazi yenyewe. Kwenda kutafuta kitu ambacho hakuna anayekijua."

Umesikia hilo? Mtu analipiwa ndege kwa sababu hajui! Mimi sijui vitu vingi sana, mbona mimi hawajaniita? Hapo bado sijaelewa, na nisichokielewa nakiangalia kwa jicho moja.

Wiki ya kuondoka alikuja kuaga. Nilimfungia akamwani kwenye jani, fungu zuri, nikamwambia: mpe yule mama kwa mkono wako, usiondoke, mwangalie mdomo. Akitema, panda ndege urudi. Nikamwambia pasi yake aishone kwenye nguo. Akasema, "Ndiyo, bibi." Nikamwambia kila Jumapili anionyeshe kwenye simu chumba anacholala, mlango, na komeo liko upande gani. "Ndiyo, bibi."

"Unaniitikia tu."

"Sikuitikii tu."

"Wote waliokwenda waliitikia hivyohivyo."

Akavua viatu, akachukua jembe, akaenda kwenye sehemu ya kibanja iliyokuwa wazi, pale ninapouona mlango wa jirani. Nikamfuata na mche mmoja wa lile shina la nyuma ya jiko. Akachimba shimo mwenyewe, mikono ileile ya kushika darubini, akatia samadi, akaupanda, akaushindilia kwa mguu. Tunajua wote wawili mche unachukua muda gani mpaka uzae. Mwaka na kitu, na ukichelewa, miwili. Yaani kama ile kazi yake.

Akasimama, udongo mpaka magotini, akasema, "Bibi, mkungu wa kwanza wa mgomba huu asiuguse mtu. Nitaukata mimi, kwa mkono wangu, kwa kisu nitakachokichoma kwenye moto wako."